Askari mgonjwa kapewa bunduki, nani atapona?

Wasomaji wengi wa gazeti hili wameshaonja rungu la polisi. Wengine wamevuta moshi wa mabomu ya machozi wakiwa hawana habari hata mkutano wenyewe ulikuwa wa chama gani. Walikuwa wanapita tu na biashara zao kichwani. Kwa hiyo tunajua wapo watakaolitupa gazeti chini pale kijiweni wakishaona kwamba wiki hii tunamtetea askari. Watauliza: Kulikoni? Na nyie mmeshanunuliwa?

Hatujanunuliwa. Na wala hatujasahau. Hatujamsahau Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ndani ya daladala Kinondoni Februari 16, 2018, risasi ikamfuata humo humo wakati polisi wanatawanya waandamanaji. Hatujamsahau mwandishi mwenzetu Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2, 2012 akiwa kazini. Hatujaisahau Zanzibar ya Januari 2001. Hatujawasahau waliopigwa risasi katika siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao ndugu zao wanataka majibu.

Ni kwa sababu hiyo hiyo tunauliza swali ambalo wakubwa hawapendi liulizwe. Huyu mtu anayesimama mbele yetu na bunduki, hali yake ikoje? Amelala saa ngapi? Akivunjika mguu kazini anapangiwa kazi gani? Akiona wenzake wanauawa mbele ya macho yake, nani anakaa naye chini? Na akisema "Afande, leo siwezi", anasikilizwa au anaandikiwa shitaka?

Msomaji, ukikaa mtaani unapaswa kuyajua majibu hayo kuliko hata mke wa askari mwenyewe. Maana bunduki ile haielekezwi kwa mkewe peke yake.

ANATEGA HUYO!

Ukitaka kujua askari mgonjwa anaonwaje na wenzake, sikiliza neno moja tu la kambini: kutega. Aliyepita JKT au shule ya bweni analijua. Kutega ni kukwepa kazi kwa ujanja. Ukiumwa tumbo siku ya kwata, unatega. Mgongo ukikuuma siku ya lindo, unatega. Daktari akikupa ED, yaani karatasi ya kukupumzisha kazi, wenzako wanacheka na mkubwa wako anaigeuza geuza ile karatasi kama noti ya bandia.

Tuchukue konstebo wa mfano. Hatumpi jina kwa sababu yuko kila kituo. Kijana wa miaka 26, kidato cha nne, katoka depo Moshi akiwa na nguvu za kubeba gunia. Siku moja Difenda linakata kona kwa kasi, yeye yuko nyuma, anadondoka. Mgongo unaumia. Daktari anamwandikia ED ya siku saba, na baada ya hapo kazi nyepesi: asibebe kitu kizito, asisimame muda mrefu, asipande gari la doria.

Anaipeleka karatasi kwa mkuu wa kituo. Tumtendee haki mkuu wa kituo, huenda si mtu mbaya. Ana askari sita na kazi za askari kumi. Kuna lindo la benki, kuna doria ya usiku, kuna mahabusu wa kupelekwa mahakamani, na Jumamosi kuna mechi ya Simba na Yanga inayotaka watu wa kutosha. Anaangalia karatasi, anaangalia orodha yake, anakuna kichwa. Kisha anasema: "Basi wewe nenda benki. Pale ni kusimama tu."

Kusimama tu! Na daktari kaandika asisimame!

Konstebo anakwenda. Afanye nini? Akibisha, amekaidi amri halali ya mkubwa wake, na kukaidi amri ni kosa. Akinyamaza, mgongo unazidi. Anameza vidonge vya maumivu asubuhi, jioni anaongeza kitu kikali ili apate usingizi. Mwezi wa pili mke anaanza kuogopa sauti yake. Mwezi wa tatu yuko kizuizini barabarani saa nane usiku, mgongo unawaka moto, hajalala, na mbele yake kasimama kijana wa bodaboda asiye na leseni anayejitia mjuaji.

Hapo ndipo wewe unapokutana naye.

Hatusemi kila askari anayepiga watu ni mgonjwa. Wapo wanaopiga kwa sababu wametumwa, na wapo wanaopiga kwa sababu wanapenda. Hao dawa yao ni mahakama. Tunasema kwamba mtu mwenye maumivu, asiye na usingizi na asiye na pa kusemea, ukimpa silaha umetengeneza ajali. Na ajali ikishatokea, atakayetiwa ndani ni yeye. Katika kesi ya Mwangosi aliyehukumiwa miaka 15 mwaka 2016 alikuwa askari mdogo, peke yake. Wakubwa waliokuwepo siku ile walikwenda zao nyumbani.

MFANYAKAZI WA KIWANDANI ANAMZIDI

Hebu tuangalie karatasi za serikali yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Msichana wa kiwanda cha nguo, mpishi wa hoteli, dereva wa lori, wote wanaweza kuzihesabu siku zao kwa vidole. Mwajiri akiwazungusha, wanakwenda chama cha wafanyakazi, na wakitoka hapo wanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Sasa fungua mwanzoni kabisa mwa sheria hiyo hiyo. Imeandikwa kwamba haiwahusu walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Askari hana chama cha wafanyakazi. Mambo yake yanafuata Sheria ya Jeshi la Polisi na kanuni za ndani ya Jeshi, zile wanazoziita PGO, ambazo raia wa kawaida hazioni sokoni. Anayezitafsiri pale kituoni ni yule yule anayepanga zamu. Mgonjwa anakata rufaa kwa mtu aliyemnyima dawa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo askari wengi hawalijui na wakubwa hawalitangazi. Sheria hiyo ya 2004 haikuwatupa askari moja kwa moja. Imewaachia vifungu vichache viwahusu na wao. Kimojawapo ni kile kinachokataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo umo ulemavu na umo UKIMWI. Kwa hiyo afande, ukisoma gazeti hili kwa kujificha huko kotazi, jua kwamba kudhalilishwa kwa sababu umevunjika mguu si "taratibu za kijeshi". Ni jambo ambalo Bunge la Jamhuri ya Muungano lilishalikataza.

WALIOZIKWA NA WALIOBAKI

Usiku wa Julai 12, 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi Stakishari, hapa hapa Dar es Salaam. Askari wanne waliuawa na silaha zikaporwa. Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa Kibiti wakiwa kwenye gari lao. Agosti 25, 2021 mchana kweupe, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja mwenye silaha aliua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla ya yeye kuuawa.

Wale waliokufa walizikwa kwa heshima, bendera zikakunjwa, viongozi wakatoa hotuba. Vizuri. Lakini gazeti hili linauliza habari za waliobaki. Wale waliofika Kibiti kuokota miili ya wenzao, walipewa siku ngapi za kupumzika? Waliokuwa kituoni Stakishari wakasikia milio wakalala chini, nani aliwauliza wanaota nini usiku? Yule aliyeuona ubongo wa rafiki yake barabarani, alirudishwa lindo siku ya ngapi?

Mwanamume wa Kitanzania hafundishwi kusema naogopa. Mwanamume aliyevaa gwanda ndiyo kabisa. Na akithubutu kusema yanayomsumbua, sheria inamngoja mlangoni. Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoirithi kwa mkoloni tangu 1945, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Fikiria sasa askari aliyewahi kuinua bastola kwenye paji la uso wake, akashusha. Atamwambia nani? Akimwambia mkubwa wake ameungama kosa mbele ya polisi! Wenzetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Sisi bado tumekikumbatia.

Na Kenya hiyo hiyo imetuonyesha mwisho wa njia hii ulivyo. Novemba 2010, mji wa Siakago, askari polisi mmoja alizunguka na bunduki ya serikali akaua watu kumi usiku mmoja. Desemba 2021, Kabete, Nairobi, askari mwingine alimuua mkewe kwa risasi, akatoka nje akaua watu wengine, kisha akajimaliza mwenyewe. Mwaka 2022 mwenyekiti wa tume yao inayosimamia utumishi wa polisi akasema hadharani kwamba karibu askari 2,000 wameonekana hawafai kuwa kazini kwa sababu ya afya ya akili.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wakenya. Tunawajibu: mtu aliyesema ana homa siye aliyeumwa peke yake. Wenzetu walau wamejipima na kutaja namba. Desemba 2022 wakaunda jopo chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, likazunguka vituoni, likaona askari wanavyolala, na Novemba 2023 likapendekeza mishahara ya askari wa chini ipande kwa asilimia 40. Nyongeza ikaanza kuhesabiwa Julai 2024, kwa awamu za miaka mitatu. Wakenya wenyewe wanalalamika kwamba hayatoshi, na wana haki ya kulalamika. Lakini wana ripoti mkononi ya kulalamikia.

Sisi tulikuwa na Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliyoangalia taasisi zote za haki jinai na kumkabidhi Rais ripoti Julai 2023. Ilisema wazi kwamba Jeshi la Polisi linahitaji kusukwa upya, litoke kwenye "jeshi" liwe huduma kwa wananchi. Maneno mazito na mazuri. Ila huduma hutolewa na watu, na mtu asiyehudumiwa hajui huduma ni kitu gani.

MKOLONI MMOJA, WATOTO WAWILI

Sasa tutoke nje ya Afrika kidogo, maana wakubwa wetu wakibanwa hukimbilia kusema polisi ni jeshi, jeshi ni amri, na mambo ya haki za wagonjwa ni siasa. Turudi basi kwa aliyetuletea polisi hii.

Agosti 1918 maelfu ya askari wa jiji la London waligoma. Ndiyo, polisi wa Mwingereza waligoma, tena vita kuu ya dunia ikiwa haijaisha! Walidai mishahara, walidai pensheni kwa wajane wa askari, na walidai chama. Waziri Mkuu Lloyd George alishtuka, akawaita, akawapa sehemu kubwa ya walichotaka. Mwaka uliofuata wakagoma wengine wachache, safari hii wakafukuzwa kazi na hawakurudishwa. Kisha Agosti 1919 Bunge la Uingereza likapitisha sheria yenye sura mbili. Kwa mkono mmoja ikapiga marufuku askari kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa mkono wa pili ikaunda shirikisho la askari wa vyeo vya chini, lenye wawakilishi waliochaguliwa na askari wenyewe, wa kusema juu ya maslahi na hali zao.

Mwezi huo huo wa Agosti 1919, Mwingereza huyo huyo alitangaza kwenye gazeti la serikali kuanzishwa kwa polisi wa Tanganyika, makao makuu Lushoto. Huku hakukuwa na shirikisho wala mwakilishi. Huku kulikuwa na kofia, rungu na amri. Mtoto wa nyumbani alipewa mdomo, mtoto wa koloni akapewa virungu vya kuwapigia ndugu zake.

Mwaka 1961 bendera ilishushwa. Mdomo haujatolewa mpaka leo.

Na kule, mdomo ule umezaa nini? Umezaa mambo madogo madogo ambayo ndiyo maisha. Askari wa Uingereza na Wales akiugua, analipwa mshahara kamili miezi sita na nusu mshahara miezi sita. Akianza kupona harudishwi moja kwa moja kwenye doria. Kazi zilizopunguzwa zimegawanywa mafungu matatu na kila fungu lina maana yake. La kwanza ni la anayepona: anaanza kwa saa chache, anapanda polepole mpaka afike kazi kamili. La pili ni la mwenye ugonjwa au kilema kisichoondoka: kazi inarekebishwa imfae, yeye haondolewi. La tatu ni la askari ambaye wakubwa wana sababu ya kutomwamini na kazi fulani, kwa mfano anachunguzwa: anazuiwa kazi hiyo mpaka ukweli ujulikane.

Msomaji, angalia ujanja wa mgawanyo huo. Mgonjwa hachanganywi na mtuhumiwa! Sisi tunawachanganya. Ukimwona askari wetu kakaa kaunta mwezi mzima hana silaha, huwezi kujua kama anaumwa kifua, kama karogwa na mkubwa wake, au kama kala rushwa ya mwenye basi. Kwa hiyo anayeumwa kweli anaogopa kuomba kazi ya kaunta, asije akahesabiwa mwizi.

Wana pia nyumba za kupumzikia na kufanyia mazoezi ya viungo kwa askari walioumia. Nyumba ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa mwaka 1890 na mama mmoja mcha Mungu, Catherine Gurney, pwani ya kusini mwa Uingereza, na sehemu kubwa ya fedha za nyumba za leo inatoka kwenye michango ya askari wenyewe inayokatwa kwenye mshahara.

Kule nako si peponi. Askari wao wanaugua, wanasubiri matibabu, wanalalamika kwamba wakubwa hawazifuati kanuni. Tofauti ni kwamba kanuni zipo, na mgonjwa akiitwa ofisini anaingia na mtu pembeni yake wa kumsemea. Wa kwetu anaingia peke yake, anasimama wima, anapiga saluti.

Na asitokee mtu kutuambia hilo ni la wazungu. Afrika Kusini polisi wana vyama vyao vya wafanyakazi. POPCRU ilianzishwa 1989, wakati wa makaburu, na askari waliochoka kutumwa kuwapiga watu wao. Mkataba wa kimataifa namba 87 wa uhuru wa vyama, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, unaiachia kila nchi iamue haki hiyo iwafikie askari kwa kiasi gani. Haikatazwi. Serikali imeamua iwe sifuri.

"HAKUNA FEDHA"

Hoja ya kwanza ya wakubwa ni nidhamu. Wanasema ukimpa konstebo mwakilishi, kesho atagomea amri. Lakini hatudai haki ya kugoma. Tunadai mtu wa kumsemea mgonjwa. Tena nidhamu gani inayoharibika askari akitii karatasi ya daktari? Difenda likigonga injini linapelekwa gereji, na hakuna kamanda anayesema gari hilo limekosa nidhamu. Linafanyiwa sevisi kabla halijaharibika, kwa kilometa zake, kwa kitabu chake. Dereva wake tu ndiye asiye na kitabu.

Hoja ya pili ni fedha. Kila siku hakuna fedha! Lakini kuelekea uchaguzi wa 2015 fedha za kununua washawasha zilipatikana. Fedha za mabomu ya machozi hazijawahi kukosekana hata Jumapili. Bei ya washawasha moja ingelipa washauri nasaha wangapi, madaktari wa mifupa wangapi, magodoro mangapi kwenye kotazi zinazovuja? Septemba 2017 nyumba za askari Arusha zilipoteketea kwa moto, familia zikalala nje, nchi nzima ilichangishana. Hivyo ndivyo tunavyomtunza mlinzi wa usalama wetu, kwa bakuli!

Na mengi ya tunayoyataka wala hayahitaji fedha. Kuheshimu ED ni bure. Kumwondoa mtu kwenye lindo la kusimama ukamweka kwenye simu ni bure. Kutomwita mtegaji mbele ya wenzake, hilo nalo linahitaji bajeti ya Wizara?

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, ila ndiyo yenye mizizi. Askari mwenye haki zake ni mgumu kutumika vibaya. Anayejua kwamba akikataa amri haramu kuna mtu atamsemea, anaweza kukataa. Anayejua kwamba yuko peke yake, atapiga hata mama yake. Wapo wanaofaidika na upweke huo, na hao hawako kotazi.

TUNACHODAI

Tunamwambia Waziri wa Mambo ya Ndani na Mkuu wa Jeshi la Polisi mambo manne, kwa lugha nyepesi.

Kwanza, kanuni za ugonjwa na kazi nyepesi zitolewe kwenye makabati ziandikwe kwa Kiswahili, zibandikwe ukutani katika kila kituo pale pale palipobandikwa "Dhamana ni bure". Siku ngapi, mshahara kiasi gani, nani anaamua, na asiyeridhika aende wapi. Karatasi ya daktari isitenguliwe na mtu asiye daktari.

Pili, kila askari aliyefyatua risasi ikampata mtu, aliyepigwa risasi au aliyeshuhudia mwenzake akifa, aondolewe silaha kwa muda na aonane na mshauri kabla ya kurudi kazini. Iwe lazima kwa wote, wa cheo cha juu na cha chini, ili asiwepo wa kuchekwa. Atakayosema yabaki kwa mshauri. Na Bunge lifute kosa la kujaribu kujiua, mgonjwa apelekwe hospitali badala ya mahabusu.

Tatu, konstebo na makoplo wachague mwakilishi wao katika kila wilaya. Wachague wao, si kuteuliwa na RPC. Asiwe na haki ya kuitisha mgomo, lakini awe na haki ya kukaa pembeni ya mgonjwa anapoitwa ofisini, na ya kuandika barua inayofika juu bila kupitia kwa mtu anayelalamikiwa.

Nne, ugonjwa usiwe kichaka. Askari aliyetesa au kuua ashitakiwe kama raia yeyote, na aliyempa amri akae naye kizimbani. Kama mkubwa alijua askari wake ni mgonjwa, akampa silaha hivyo hivyo, mkubwa huyo naye aulizwe. Hiyo tu ingewafanya wengi waanze kusoma karatasi za ED kwa miwani.

Na wewe kijana wa kijiweni, usidhani haya hayakuhusu. Nafasi za polisi zikitangazwa, wanaopanga foleni na vyeti vya kidato cha nne mkononi ni nyie. Huyo anayekukimbiza leo Kariakoo mlikaa dawati moja Temeke miaka sita iliyopita. Hana ndugu kigogo, ndiyo maana yuko nyuma ya Difenda na si ofisini. Yeye analala chumba kimoja na watoto, wewe unalala chumba kimoja na kaka zako, halafu mnatumwa mkapigane barabarani wakati waliowatuma wamekaa wanakunywa chai.

Usimpende kwa lazima. Akikuonea, mshitaki, andika namba yake, tafuta mashahidi. Lakini siku ukisikia askari kafukuzwa kwa sababu mguu wake haukupona vizuri, au mjane wa afande anazungushwa ofisi kwa ofisi na faili la marehemu mumewe, usicheke. Paza sauti. Hao wanaomtupa askari wao akiishiwa nguvu, wewe ambaye hukuwahi hata kuwafanyia kazi watakutupa wapi?

Afande uliyesoma mpaka hapa, likunje gazeti uliweke chini ya godoro. Ukilimaliza, mpe mwenzako wa zamu ya usiku.